Mtihani wa Injinia wa VC10

Benchi letu si benchi. Ni viti vitatu vya ndege vilivyoungana, vya ile VC10 ya Waingereza, yenye injini nne zote zimerundikwa mkiani. Nilivinunua kwa muuza vyuma chakavu, nikavisukuma kwa mkokoteni hadi ukutani kwa kinyozi, na hapo ndipo tunapokunywa kahawa kila mchana. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi mwenyewe, anayenyoa kichwa kimoja huku akijadili vichwa kumi. Kulia hukaa Gundi, fundi viatu, ambaye ana methali kwa kila jambo na haijawahi kutokea moja ikalingana na jambo lenyewe. Katikati nakaa mimi. Jina langu hapa ni Injinia, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili nimewaambia watu hawa kwamba nilikuwa injinia wa ndege hiyo. Sikuwa. Nilikuwa msafishaji. Nilifagia ndani, nikakusanya makombo na magazeti, nikakunja mikanda ya viti. Haya, nimeshasema, nichekeni upesi tuendelee.

Balaa lilianza jana. Binti yangu wa mwisho alinikalisha sebuleni akaniambia wazazi wa mchumba wake wanakuja leo saa kumi kuzungumza habari za ndoa. Kisha akaongeza, anacheka: "Na babake alikuwa karani wa uzito kiwanja cha ndege, Baba. VC10 hiyohiyo yako! Nimemwambia ulifanya kazi humo. Ana hamu ya kukuona."

Karani wa uzito! Mtu aliyejua kila kilo iliyoingia na kila kiti kilichokaliwa. Na binti huyu nilimlea kwa hadithi zangu za spana na injini tangu ananyonya kidole. Leo saa kumi angekaa pembeni anamimina chai, akimsikia babake akiumbuka mbele ya wakwe. Nilikuja kijiweni mapema.

Mimi: Jamani, wakwe wanakuja leo saa kumi, na umri huu unasahaulisha. Hebu nikumbusheni. VC10 ilikuwa na viti vingapi?

Wembe: Injinia anamuuliza kinyozi?

Mimi: Ninakupima.

Wembe: Mia nne.

Gundi: Mia nne watakaa wapi, mapajani? Sema mia tatu na themanini.

Wembe: Mia nne pamoja na waliosimama.

Hapo nilipaswa kunyanyuka nikanywe kahawa kwingine. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa.

Mimi: Na uzito?

Gundi: Tani elfu tano.

Mimi: Ikiwa tupu au imejaa?

Gundi: Vyovyote. Ng'ombe haelemewi na nundu yake.

Wembe: Hapana, hapo Gundi umepotea. Ikiwa chini ni tani elfu tano. Ikiwa juu haina uzito kabisa. Chenye uzito huanguka, au sivyo? Umewahi kuona wingu limeanguka?

Gundi: Mvua je?

Wembe: Mvua ni mizigo inashushwa.

Muuza kahawa, ambaye sote tunamwita Mama Kahawa, alimimina vikombe akatikisa kichwa. Wakati huo mzee mmoja mgeni, amevaa tai na kubeba mwavuli, alimwomba kikombe akakaa kwenye kreti ambalo Gundi huwawekea wateja wake. Hatukumjali. Tulikuwa kwenye mambo mazito.

Mimi: Lakini injini nne zote nyuma. Mbona haikuanguka chali?

Wembe: Wanene walikaa mbele. Wembamba nyuma. Ndiyo maana tiketi za mbele ni ghali.

Gundi: Na abiria walipimwa mara mbili, kupanda na kushuka. Mtu hupungua angani kwa hofu, kilo tatu hivi. Watu mia tatu na themanini, hesabu mwenyewe. Ndiyo maana inatua polepole kuliko ilivyoondoka.

Wembe: Mimi wangeniajiri wangeokoa mafuta. Nawanyoa wote mlangoni. Kichwa kimoja, gramu mia za nywele. Vichwa mia nne, kilo arobaini! Haba na haba hujaza kibaba.

Gundi: Nywele kitu gani? Viatu! Jozi moja kilo nzima. Wapande peku, viatu vibaki kwangu.

Wembe: Ubaki navyo ufanye nini?

Gundi: Nivitie soli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mimi: Methali hiyo inaingiaje hapo?

Gundi: Methali haihojiwi. Haya, Injinia, rudia tusikie.

Nami, mtu mzima mwenye mvi hadi masikioni, nikakaa wima nikaanza kukariri.

Mimi: Abiria mia nne pamoja na waliosimama. Wanene mbele. Chini tani elfu tano, juu sifuri. Abiria hupungua kilo tatu kwa hofu.

Wembe: Umefaulu. Mkwe gani atakukamata?

Mgeni alikohoa. Nilidhani kahawa imempalia.

Mgeni: Samahani, wazee wenzangu. Naweza kuuliza swali dogo?

Gundi: Uliza kubwa. Hapa tuna injinia mzima.

Mgeni: Mimi niliingia ndani ya ndege hizo kila alfajiri, abiria hawajaletwa. Nilikuta kila kiti mkanda wake umekunjwa, kipande juu ya kipande, kifungo kinatazama juu. Na kwenye kiti cha mwisho kabisa, nyuma, palikuwa na kikaratasi kimeandikwa idadi ya viti. Nani aliyekuwa akikiandika?

Wembe akamtazama Gundi. Gundi akatazama kiatu alichoshika, kana kwamba jibu limo ndani.

Mimi nilijua jibu. Siku nyingine viti vya mbele vilitolewa ili mizigo ikae, siku nyingine vikarudishwa, na karatasi za ofisini hazikulingana na ukweli. Nilikuwa nakunja mikanda huku nahesabu, basi mwishowe nikawa naandika. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenishukuru wala kuniuliza. Nilifanya vile miaka tisa, na katika hadithi zote nilizobuni za uinjinia, hiyo sikuwahi kuisimulia, maana niliiona ndogo.

Nikaitazama ile tai, ule mwavuli, na saa iliyokuwa inakaribia kumi. Huyu ndiye karani wa uzito. Nikinyamaza, nitafika sebuleni kwangu na wale wanene wa mbele. Nikisema, Injinia anafariki hapahapa, na binti yangu anabaki na baba mwenye ufagio. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye kreti la Gundi.

Mimi: Ni mimi.

Mgeni: Wewe?

Mimi: Mimi. Nilikuwa msafishaji. Sijawahi kushika spana maishani mwangu.

Mgeni aliweka kikombe chini taratibu.

Mgeni: Saba yako ilifanana na moja.

Mimi: Nini?

Mgeni: Siku moja nilisoma mia na thelathini na moja. Nikapiga hesabu ya uzito wote, roho ikakataa. Nikarudi ndani mbio nikahesabu kiti kwa kiti. Mia na thelathini na saba, kama ulivyoandika. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena, nilikiamini kikaratasi. Kila ndege niliyoisainia iondoke, niliisainia kwa mkono wako. Nimestaafu sijui nimshukuru nani.

Nikasogea ukingoni mwa kiti.

Mimi: Mkwe, nisamehe. Binti yangu alikwambia mimi ni injinia kwa sababu nilimdanganya tangu utotoni.

Mgeni: Injinia? Aliniambia, "Baba alisafisha VC10, na mama amenihadithia alikuwa akihesabu mikanda hadi usingizini." Aliyasema kwa kujidai hasa. Ndiyo maana nimekuja mapema, akanielekeza hapa kijiweni. Nilitaka nikuulize kabla mambo ya watoto hayajaanza.

Kumbe miaka yote ile binti yangu alikuwa ananisikiliza kwa heshima tu, namna mtu anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Nikawageukia wenzangu. Angalau hawa niliwadanganya.

Wembe: Usitutazame sisi. Injinia gani anapangusa kiti kabla ya kukaa?

Gundi: Na kukunja mkanda kila akiondoka. Mkanda wenyewe umekatika!

Mimi: Mlijua?

Wembe: Mwaka wa kwanza.

Mimi: Sasa mbona mnaniita Injinia?

Gundi: Jina lako jingine hatulijui.

Mimi: Na leo mmenifundisha nini basi?

Wembe: Uliomba kufundishwa. Tungekataa?

Mgeni alicheka hadi tai ikapinda. Wembe, ambaye haya hajui ni nini, akamuuliza ndege ile hasa ilikuwa na uzito gani. Akajibu kwamba ikiwa tupu ilikuwa tani sitini na kitu, ile ndefu zaidi ikafika sabini, na ikijaa watu, mizigo na mafuta ilikaribia mia na hamsini na mbili. Viti vilitegemea siku.

Gundi: Tulikaribia. Tumekosea sifuri moja tu, na kidogo.

Mama Kahawa akainamisha birika. Likatoa matone mawili na masalia.

Mama Kahawa: Imekwisha. Nendeni mkaozeshe.

Tukasimama. Nilipiga hatua mbili, nikarudi. Sikuweza kujizuia. Nikapangusa viti kwa kiganja, nikakunja mikanda iliyobaki, kipande juu ya kipande, vifungo vikitazama juu. Safari hii sikujificha. Mkwe alisimama kando anaitazama mikono yangu.

Mgeni: Vingapi?

Mimi: Vitatu.

Akatoa kalamu mfukoni. Karatasi hakuwa nayo, akaandika kwenye kiganja chake, kisha akanishika mkono.

Mgeni: Vitatu. Haya, mkwe, nionyeshe njia ya nyumbani.