Mwalimu Ildefonsi Kapinga, Aliyetetea Kwanza Upande wa Mwenzake

Tumsifu Yesu Kristo. Mama, wifi, kaka Nazari, ndugu wa Namswea na wa Lituhi: mimi ni Mektilda, mdogo wa marehemu, niliyebishana naye tangu nijue kusema.

Marehemu Mwalimu Ildefonsi Kapinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Namswea, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Valentino na Mama Scolastika. Akiwa mdogo alimuuliza baba kwa nini tunahangaika kuchimba mashimo ya ngolo shambani. Baba akajibu, "Ndivyo babu yako alivyolima." Ildefonsi akasema hiyo siyo sababu. Alichapwa. Mvua kubwa ikanyesha, udongo wa jirani asiyechimba ngolo ukateremka mtoni, wetu ukabaki. Akamrudia baba: "Hoja unayo nzuri, baba, ila ulinipa ile mbovu." Akachapwa tena.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza mwaka 1982, akaendelea na sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu ualimu wa historia mwaka 1994. Likizo alirudi na maswali mengi kuliko nguo.

Mwaka 1995 alipangiwa kufundisha Lituhi, kule chini ziwani, akabaki huko maisha yake yote. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kwamba wazee wote wa Lituhi wanasema usipa ziwani umepungua kwa sababu ya nyavu za wageni. "Umewauliza wazee wangapi?" "Babu yangu, mwalimu." "Basi andika: babu yangu anasema. Babu ni ushahidi, lakini si kijiji." Chini ya kila insha aliandika nguvu ya hoja kwanza, udhaifu baadaye. Na kwenye midahalo sheria yake ilikuwa moja: humjibu mwenzako mpaka umeieleza hoja yake vizuri, hadi mwenyewe aseme, "Naam, ndivyo ninavyosema." Wengi mliokaa hapa mmeteswa na sheria hiyo, msijifanye hamkumbuki!

Alifunga ndoa na wifi Anjela tarehe 8 Novemba 1997, huko Lituhi. Mshenga alikuwa kaka Nazari, naye alitumwa aeleze sifa za mchumba na kasoro zake pia. Jamani! Kaka alitoka jasho mbele ya wakwe akisema mdogo wake hajui kuogelea, anaogopa mtumbwi na anakoroma. Baba mkwe alicheka, akasema, "Huyu angalau hatatudanganya." Posa ikapokelewa.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa Mbinga. Hali ilipozidi, kaka Nazari na wifi walianza kuvutana juu ya mahali pa kumzika. Kaka alitaka Namswea, kilipozikwa kitovu chake. Wifi alitaka Lituhi, kwenye nyumba yake. Walifikia kutosalimiana, na mimi niliogopa kwamba tutamzika Ildefonsi pamoja na undugu wetu.

Marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Sheria ni ileile. Nazari, tetea Lituhi. Anjela, tetea Namswea."

Kaka akaguna, akaanza: watoto wamezaliwa kule, wanafunzi wake wako kule, na mjane atawasha mshumaa kwenye kaburi gani? Alisema mpaka akajifuta machozi. Wifi akasema maneno machache: "Mama miguu imemkatalia. Hawezi kushuka ziwani. Mimi miguu ninayo."

Kaka akasema, "Shemeji, mimi sasa nataka Lituhi." Wifi naye akang'ang'ania Namswea. Walikuwa wamebadilishana ugomvi! Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Tulipomuuliza yeye anataka wapi, akasema, "Mimi ni mada. Mada haipigi kura."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025. Hoja ya miguu ya Mama haikupata wa kuijibu. Kaka Nazari mwenyewe alichagua hapa kando ya mibuni, na Mama amefika kaburini kwa fimbo yake.

Ameacha mama, mke, watoto watatu, Allen, Jacqueline na Clemence, kaka yake Nazari, mimi, na wanafunzi wasiokubali kitu bila ushahidi.

Anayetaka kubishana na Mungu juu ya kifo hiki, kama mimi, afuate sheria ya marehemu: kwanza aieleze vizuri hoja ya Mungu. Nimejaribu tangu Jumanne. Nimefika hapa tu: ni Yeye aliyetupatia Ildefonsi. Mengine nitayauliza nikifika.

Lala kwa amani, kaka. Safari hii sitakujibu.