Verna Haugen na Mstari wa Saba

Ndugu, majirani na wote mliofika, familia imenituma mimi, Wendell Tollefson, niwasomee maisha ya dada yetu, naye aliagiza nisome polepole na nisimsifu kupita kiasi.

Verna Tollefson Haugen alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Fergus Falls, Minnesota, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Anders na Signe Tollefson, siku ambayo theluji ilimkwamisha daktari njiani, na baba alipenda kusema kwamba mtoto huyu hakutaka kusubiri kupimwa.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1969 na chuo mwaka 1973, kisha akafundisha uandishi huko Pelican Rapids kwa miaka kumi na minane, akiwaambia wanafunzi kwamba asiyefuta hajaanza kuandika. Tarehe 21 Juni 1975 alifunga ndoa na Orrin Haugen, fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache, wakajaliwa Karsten mwaka 1977 na Liv mwaka 1980.

Mwezi Septemba 1991 aliajiriwa katika ofisi ya udahili ya Chuo cha Tamarack, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo alitutaka tulitaje leo. Mtihani wa kuingilia vyuo ulipoongezewa insha ya dakika ishirini na tano, yenye alama kuanzia mbili hadi kumi na mbili, kamati ya udahili ilikuwa imezidiwa na mafaili, na ni Verna mwenyewe aliyependekeza, mwaka 2006, kwamba aliyepata chini ya saba awekwe kando bila kusomwa zaidi.

Mstari huo wa saba ulifuatwa miaka mitatu bila kuhojiwa. Tarehe 3 Machi 2009, akitafuta faili jingine, alifungua kwa bahati nakala ya insha ya msichana wa St. Paul aitwaye Pahoua Moua, aliyepata alama nne, akakuta nusu ukurasa uliokatwa wote kwa mistari iliyonyooka, na chini yake mwanzo mpya, bora mara mbili, uliokatizwa na muda katikati ya sentensi. Alielewa kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiwafungia mlango watu waliofanya kile alichokuwa akifundisha, na zilibaki siku nne tu barua za majibu zitumwe.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Gordon Pruitt.

“Verna, mstari huu uliuchora wewe,” Gordon alimwambia.

“Niliuchora vibaya, Gordon.”

“Wako mia mbili na kumi na wawili chini yake. Nani atawasoma?”

“Aliyewaweka huko.”

“Basi Ijumaa asubuhi. Na usiniletee wote, maana nakujua.”

Alisoma kwenye meza ya jikoni, Orrin akimchemshia kahawa na kumuuliza kila baada ya faili, “Huyu je?”, hadi Verna akamwambia, “Orrin, wewe ungempokea hata ng'ombe.” Ijumaa alipeleka majina thelathini na moja, kamati ikabishana hadi jioni, ikakubali kumi na tisa, na kumi na mmoja wakaja Tamarack, Pahoua akiwa mmoja wao.

Haikuwa rahisi. Muhula wa kwanza Pahoua alifeli somo la uandishi, akaingia ofisini akiwa amekasirika.

“Bi Haugen, ulisema ninaweza kuandika.”

“Sikusema hivyo. Nilisema unajua kuona kilicho kibaya. Wengi hawafiki hapo. Vua koti, ukae.”

Alikaa, akarudi kila Jumanne kwa miaka miwili, na wote kumi na mmoja walihitimu, mmoja akichukua miaka sita. Mwaka 2010 chuo kiliufuta mstari, alama ya insha ikabaki neno moja kati ya mengi. Verna hakuuchukia mtihani, alisema ulijibu ulichoulizwa, waliokosea ni waliotaka ujibu zaidi.

Alistaafu mwaka 2014. Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 14 Mei 2023, saa moja asubuhi, madirisha yakiwa wazi kama alivyotaka.

Tunamshukuru Daktari Amundson na wauguzi wake, majirani waliotuletea vyakula hadi friji ikakataa kufungwa, na wenzake wa Tamarack. Tunawashukuru pia wale kumi na mmoja, ambao tisa wako hapa. Tuliwaomba wachague sita kati yao wabebe jeneza, wakatujibu kwamba hapa hakuna atakayewekwa kando, kwa hiyo litabebwa na watu tisa, na mtatuvumilia mlangoni.

Dada, kazi yako imesomwa yote. Pumzika sasa, kwa amani.