Bi Ghaniya Anavua Aproni ya Risasi

Jumatano tarehe 27 Septemba 1989, baada ya miaka kumi na saba katika chumba cha picha za eksirei cha Hospitali ya Falaj Wusta, Bi Ghaniya binti Humoud anastaafu. Risala ya Kiarabu ataisoma mkurugenzi. Hii ni yetu sisi wa chai ya saa nne, na tumeiandika kwa Kiswahili ili mwenyewe asipate kusingizia kwamba hakuifahamu.

Kazi aliianza Unguja akiwa na miaka ishirini, kwa mashine ambayo, kwa maneno yake, ilikohoa kuliko wagonjwa. Mwaka 1972 akaja Oman na mama yake, sanduku moja na cheti kimoja. Hapa aliikuta mashine mpya bado imo kashani, na fundi mmoja tu, Khalaf wa Samail, anayeizunguka bila kujua aanzie wapi. Wakaifungua pamoja. Tangu siku hiyo wamefanya kazi kama ndugu, maana yake wamegombana kila siku juu ya feni.

Sote tunaofanya kazi na mionzi huvaa beji ndogo yenye filamu ndani. Kila mwezi filamu hupelekwa nje kupimwa, ijulikane mtu amepata mionzi kiasi gani. Wanawake wa miji ya Izki na Adam walipoiona beji kifuani mwa Bi Ghaniya waliamini ni hirizi. Mimi siwacheki. Ukimlaza mtu chini ya mashine, kisha wewe mwenyewe ukakimbilia nyuma ya ukuta, ana haki ya kudai hirizi.

Mwaka 1976 akaja Bi Rahila wa Adam, ameanguka na kuumia mgongo. Akakataa katakata kupigwa picha mpaka naye avishwe. Bi Ghaniya, kwa huruma, akambandika beji yake begani. Bibi alipoachwa peke yake akaihamishia kiunoni, pale hasa panapomuuma. Alipigwa picha mbili, na zote zikatoka na kipande cheupe cha mraba juu ya uti wa mgongo. Daktari wa zamu akawaita wenzake waje kutazama ugonjwa mpya. Bi Rahila alirudi kwao akisema dawa imeshaanza kufanya kazi.

Tulicheka mwezi mzima, mpaka majibu ya beji yaliporudi. Yalionesha kwamba Bi Ghaniya amepata mionzi kupita kiwango kwa mbali. Alieleza palepale lililotokea, picha za Bi Rahila zikatolewa, daktari mkuu wa wakati huo akakubali kwamba mionzi ile haikuwa yake. Lakini hofu ya wanawake kudhurika uzazi ilikuwa imeshamwingia daktari huyo. Akatoa amri: mfanyakazi yeyote mwanamke aliye chini ya miaka arubaini na mitano asiingie chumba cha picha, ila mumewe akiweka saini. Mwaka mmoja kabla, Khalaf alipata kiwango kikubwa cha kweli, akapewa wiki mbili za mapumziko akale halua kwao, kisha akarudi kazini.

Bi Ghaniya alikuwa na miaka thelathini na mitano, ana mtoto mmoja na anatamani wa pili. Akapewa meza ya kuandikisha wagonjwa. Hapo ndipo tulipoona gharama ya amri ile. Waume walileta wake zao kwa pikapu kutoka mbali, wakamkuta Khalaf mlangoni, wakageuza, wasikubali mwanamume awapige picha wake zao. Baadhi ya wanawake hao walikuwa wanatema damu. Yeye pale mezani aliwaona wakiondoka, na iliumiza kumtazama.

Mumewe, Mwalimu Marhoun, aliitwa kuweka saini. Akakataa, ingawa sote tulijua anamuunga mkono mkewe. Alimwambia daktari kwamba yeye anasomesha jiografia, mwili wa Ghaniya haumo katika somo lake, basi muulizeni mwenyewe.

Wakamuuliza. Hakuja kugombana. Alimwomba daktari amweleze hatari yote, bila kuficha, kama angemweleza mwanamume. Daktari akaeleza, muda mrefu. Alipomaliza, Bi Ghaniya akauliza kama mionzi haidhuru mbegu za baba pia. Daktari akakiri kwamba hudhuru. Bi Ghaniya akasema basi na Khalaf naye aelezwe, kwani ana watoto watatu na hakuna aliyemwita mkewe kuweka saini.

Daktari yule alikuwa mtu mwadilifu, na ni haki yake tuseme hivyo. Alifuta amri. Tangu hapo mwanamume na mwanamke wanaelezwa hatari ileile na kiwango chao ni kimoja. Anayejijua ana mimba husema mwenyewe, kisha huchagua.

Mwaka 1978 mimba ikaja, ya bintiye Fawziya. Bi Ghaniya alipojijua tu alitundika aproni yake ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, akamwachia mwenzetu Mahfoudha mashine, akaenda kukaa kwenye meza ileile. Tulimtania kwamba amepigania mlango kisha ametoka mwenyewe. Akajibu, “Kutolewa na kutoka ni mambo mawili, mwanangu.” Mwanangu alikuwa Khalaf, aliyemzidi miaka minne.

Mwaka 1984 mtaalamu mgeni alitusomesha Nizwa. Alisema hata kwa wanaokwenda anga za juu ubishi ni huu huu: wapo wanaotaka mwanamke awekewe kiwango kidogo, asikae huko muda mrefu kama mwanamume. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Bi Ghaniya. Akasema, “Mwambieni kila kitu, kisha mwacheni. Huyo aliyekubali kupanda kile chombo si mtu wa kuogopeshwa na karatasi.” Mtaalamu aliyaandika.

Mwezi uliopita wasichana watatu wapya, mmoja wao Fawziya mwingine, mpwa wa Mahfoudha, si yule binti wa Bi Ghaniya, walimwendea wawaeleze: wabaki chumba cha picha au wahame? Aliwaeleza hatari zote, hata zile ambazo hazijathibitishwa. Wakamuuliza yeye angefanyaje. Walimbembeleza, nasi tukawasaidia kumbembeleza, asiseme. Wiki ya pili wawili wakabaki na mmoja akahamia maabara. Bi Ghaniya akapika vitumbua vya watatu, akawapa sawasawa.

Hata kustaafu huku hakuna aliyemlazimisha. Ana miaka arubaini na minane, na anataka kukaa Fanja na Mwalimu Marhoun kwenye mitende yao. Tulipanga kumsihi abaki, tukaona haya. Asante, Bi Ghaniya. Tumekuzoea na tutakuhuzunikia, lakini umechagua, na tunakuombea kwa Mungu afya, umri na raha katika ulichokichagua.