Matundu Matatu ya Lionel

KAHINDO: Haloo? Ni nani? Hii namba siijue.

LIONEL: Kahindo? Haloo! Ni miye Lionel, wa ile pikipiki nyekundu.

KAHINDO: Lionel! Na hii simu ni ya nani?

LIONEL: Ya tate, mama ya papa yangu. Yangu ilizimika. Sikia, moto yangu, hii pikipiki—

KAHINDO: Kama yako ilizimika, namba yangu umeitoa wapi?

LIONEL: Niko nayo mu kichwa. Sikia basi! Niko hapa Mugunga, nimebeba tate. Harusi ya dada yangu Philomène ni saa ine, kule Himbi, na moto inakataa kupanda!

KAHINDO: Lakini sasa ni saa tatu na nusu.

LIONEL: Si najua! Na Philomène ameapa hataingia mu kanisa kama tate hajafika. Tate njo alimulea.

KAHINDO: Umuweke mu taxi.

LIONEL: Tate? Gari ikifunga mulango tu, anatapika. Ni moto ao miguu.

KAHINDO: [anacheka] Bon. Inafanya nini?

LIONEL: Pa tambarare inaenda. Nikipiga gaz ku kilima inakohoa, pa! pa! pa! nguvu inaisha. Tate anasema iko na kifua.

KAHINDO: Lionel. Uligusa nini?

LIONEL: Haki ya Mungu, sikugusa kintu.

KAHINDO: Juma nzima unapita mbele ya atelier yangu ya kutengeneza moto, na sauti kama mashine ya kusaga mihogo. Uligusa nini?

LIONEL: [krrr... krrr] ...réseau ya simu iko mu—

KAHINDO: Réseau iko muzuri sana. Sema.

LIONEL: Nilitoboa boîte ya filtre, kale kasanduku ka kuchuja hewa. Matundu matatu tu. Na musumari nilichoma mu makala.

KAHINDO: Matatu! We Lionel!

LIONEL: Fiston alisema mashine ikipumua vizuri inaongeza nguvu!

KAHINDO: Fiston anauza mikate! Haya, iliongeza nguvu?

LIONEL: Iliongeza sauti.

KAHINDO: Njo vile. Moteur inakula hewa na essence, petroli yake, pamoja, kwa kipimo. Weye umepanua mulango ya hewa, essence umeiacha vilevile. Ukitaka hewa mingi, unabadilisha pia gicleur, kale kashaba kenye tundu, kanapitisha essence mu karburateri. Sasa moto iko na njaa, inachemka bure.

LIONEL: Na miye nachemka. Nifanye nini?

KAHINDO: Vuta kikono ya starter mpaka katikati, itapunguza hewa. Halafu piga gaz.

LIONEL: Ngoja... [moteur inanguruma] Eeh! Inaitika! Kahindo, inaitika!

KAHINDO: Basi hewa njo imezidi, hakuna ingine. Ulitoboa inje ya filtre, ao upande ya moteur?

LIONEL: Inje, inje.

KAHINDO: Mungu akusaidie. Ingekuwa ule upande ingine, hii vumbi ya volcano ingekuwa imeshakula piston. Sasa ziba. Uko na skochi, ile utepe ya kubandika?

LIONEL: Skochi nitaitoa wapi ku barabara? Iko tu ile ya... [kwa mbali] Hapana, tate, nilikuwa nasema tu.

KAHINDO: Ile ya nini?

LIONEL: Ya zawadi. Ni sufuria ya Philomène. Tate ameifunga na papier cadeau, skochi imezunguka mara kumi. Toka tumeanza njia kule Sake anaikumbatia, haachilie. Eh, tate, ngoja kwanza— anataka simu.

TATE: Haloo? Weye njo Kahindo?

KAHINDO: Ni miye. Jambo sana, tate.

TATE: Jambo, mutoto wangu. Kumbe ni musichana! Huyu ananielezea moto njia nzima. Buji ya kuwasha moteur, Kahindo alisema. Mafuta, Kahindo alisema. Nikauliza, huyo Kahindo ni muzee wa wapi? Akapiga gaz.

LIONEL: [kwa mbali] Tate! Lete simu!

TATE: Acha miye! Na hii kelele, anapitisha wapi?

KAHINDO: Sijui pengine, tate. Hapa kwangu ni mara tatu kwa siku.

TATE: Aaah. [anacheka sana] Basi skochi natoa. Sufuria itafika uchi, Philomène atanisamehe.

LIONEL: Haloo? Kahindo, usimusikilize, ni muzee—

KAHINDO: Pangusa vumbi kwanza, ao skochi haitashika. Ziba matundu yote, mara mbili mbili.

LIONEL: Ya kwanza... Tate anakata na meno! Ya pili... Shika hapo, tate... Ya tatu. Narudisha starter?

KAHINDO: Rudisha. Piga.

LIONEL: [moteur inawaka, sauti ndogo] Sikia! Sikia vile iko! Hata haikohoe!

KAHINDO: Naisikia kwa shida.

LIONEL: Ni weye, Kahindo! Aksanti, aksanti kabisa! Tate ameshapanda, unité ya simu yake inaisha, tunaenda—

KAHINDO: Lionel, ngoja.

LIONEL: Ee?

KAHINDO: Sasa kama kelele imeisha, nitajua namna gani ni weye unapita?

LIONEL: [anakohoa kama moto yake]

KAHINDO: Haloo?

LIONEL: Sitapita. Nitasimama.

KAHINDO: Leo? Lionel, niko na mafuta mpaka ku viwiko, ngoja hata ninawe— Haloo? Lionel? Haloo!