Sentensi Niliyomwekea Mama Yasinta Mdomoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Rumonge, asifiwe na kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi nilikozaliwa. Ushuhuda huu nimeuandika mara tisa kwa kuogopa kukosea. Leo nausoma ulivyo.

Tuliporudi nchini nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kambini nilikuwa Murundi. Shuleni hapa, kwa Kirundi changu cha kukwaruza, nikawa Mutanzania. Nikanyamaza. Nilijifundisha Kifaransa kwa kamusi isiyo na jalada, nikajifundisha kompyuta, nikaamini kwamba siku nitakapoacha kukosea, watu watanipenda. Ndugu zangu, niliacha kukosea, na hakuna aliyekuja.

Mwaka jana akaja mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mweusi kama sisi, mzaliwa wa Ulaya. Watoto sokoni walimwita muzungu. "Kwetu wananiita Mwafrika," aliniambia. "Wewe wanakuitaje?" Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi. Alikusanya habari za wanawake waliorudi kutoka uhamishoni: majeraha yao, na wanajiona kuwa nani. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti alizorekodi na kuziandika neno kwa neno, hata kikohozi, hata kimya.

Mmoja wao ni Mama Yasinta, anayekamua mawese. Alisimulia jinsi shemeji yake alivyomfukuza kwenye shamba la marehemu mumewe, na jinsi mtoto wake alivyokufa chini ya turubai, msimu huo huo wa mvua. Alianza, akaacha, akarudia jina la mtoto. Nilikosa raha. Nikaondoa marudio, nikapanga mambo yafuatane, na mwishoni nikaongeza: "Leo nimemsamehe, nina amani." Hakuisema! Lakini nimekulia kwenye shuhuda, na sijawahi kusikia ushuhuda usioishia hivyo. Nilidhani wake umekatika tu.

Kanuni ilikuwa kila mama asomewe maneno yake kabla hayajatumiwa. Nilimsomea kando ya pipa la mawese yakichemka. Nilipomaliza akaacha kukoroga.

"Nani amesema hayo?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mutoto, sijamusamehe mutu! Naomba Mungu kila siku, bado. Na Esperansi wangu umemuweka wapi? Nilimuita sana, hapa iko mara moja tu."

Jirani yake akacheka. "Huyu anakuokoa kwa nguvu, Yasinta!"

Nikasema kompyuta imeharibika. Nilidanganya, nikakimbia. Wiki tatu sikuja kanisani, simu ya mtafiti sikuipokea. Nilijifungia na lile kosa. Shemeji alimnyang'anya shamba, mimi nikamnyang'anya machozi. Na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Asubuhi moja nilipiga magoti nikitafuta maneno mazuri ya toba. Hayakuja. Nikalia tu, kwa kelele, kamasi zikinitoka. Na Bwana alikuwepo, ndugu zangu! Alinipokea bila sentensi! Nikainuka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Yasinta, nikamwambia: si kompyuta, ni mimi, tangu shuleni naogopa kukosea.

Akanisogezea kigoda. "Kaa," akasema. "Leta iyo sauti, tusikie wote wawili."

Kila alipomwita Esperansi, niliandika Esperansi. Mara kumi na saba. Alipolia, niliandika kwamba analia. Ile sentensi nikaifuta mbele yake, kisha nikamweleza mtafiti yote. Na sauti ilipokwisha, Mama Yasinta akauliza, "Na wewe, pale shuleni walikufanya nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu vibaya, Kirundi na Kiswahili pamoja, na hakunisahihisha.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Sitadanganya tena: siku nyingi bado niko peke yangu. Mama Yasinta naye bado hajasamehe, na ameniruhusu niseme hivyo. Wewe ambaye ushuhuda wako haujafika mwisho, mtumaini Bwana, uje nao nusu. Anapokea nusu!

Sasa nakaa. Naomba msiitikie Amina haraka. Mama Yasinta yuko pale, karibu na dirisha, na anataka kumtaja mtoto wake mbele yenu. Mwacheni amtaje mara zote anazotaka.