Masikio ya Mzee Subiri

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu, familia inawashukuru sana. Wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa kwa agizo la marehemu mwenyewe, tena agizo lenye sharti: kuna jambo moja lazima lisomwe mbele ya watu wote, hasa mbele ya wenzake wa Jumamosi. Mjane hakulitaka. Walibishana hospitalini, wakabishana nyumbani, na mama akaendelea kubisha peke yake hata juzi, wakati wa kuchagua picha ya jalada. Marehemu ameshinda. Wanaowajua wawili hao watakubali kwamba ni mara ya kwanza katika ndoa yao neno lake kuwa la mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa kiwanda cha sabuni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilala fofofo mashine za kiwanda zikinguruma, akaamka na kulia kila Jumapili zilipozimwa. Majirani walidhani ana jini. Hakuwa na jini, alikuwa anapenda kelele zilizo katika mpangilio, na mapenzi hayo hayakumwisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964. Akiwa darasa la tano alifungua kengele ya baiskeli ya mwalimu mkuu ili aone sauti inatokea wapi, akairudisha ikilia vizuri kuliko mwanzo. Alipewa adhabu vilevile, kwa kosa la kufungua mali ya watu bila ruhusa. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akamletea na taa ya baiskeli hiyo, akasema haiwaki, kama anayo nafasi. Mwaka 1966 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu mwaka uliofuata katika ufundi chuma.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa kiwanda cha mbao kama mnoaji wa misumeno, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2005. Chumba chake cha kazi kilikuwa na benchi, tupa za kila ukubwa zilizopangwa kama meno, na dirisha lililotazama misumeno mikubwa ikichana magogo. Alikuwa akisimama getini asubuhi, bado hajavua koti, anasema, "Msumeno wa pili umebutuka." Wakienda kuangalia, ni kweli. Hakuna aliyefikiria, yeye akiwa wa mwisho kabisa kufikiria, kwamba misumeno hiyo hiyo ilikuwa inamla masikio kidogo kidogo.

Ndoa yake ilianzia kwenye kabureta. Mwaka 1974 alipeleka mbao kwa mteja kwa pikapu ya kiwanda, ile yenye taa za mviringo na boneti iliyotuna. Ikazimika mbele ya duka la kushonea. Aliingia, mikono imejaa grisi, akamwomba sindano fundi cherehani aliyekuwa zamu, binti mmoja mwenye tepu ya kupimia shingoni, apate kuzibua kitundu cha petroli.

"Nasubiri hapa hapa au unaondoka nayo?" binti aliuliza.

"Subiri kidogo tu, itawaka."

Iliwaka jioni. Sindano ilirudi imepinda. Kesho yake akaleta pakiti nzima ya sindano, na juma lililofuata pakiti nyingine, hata mwenye duka akasema huyu kijana ama anaoa ama anafungua duka la sindano. Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Kutoka siku ile bi harusi alimwita Subiri, mtaa mzima ukafuata, na yeye mtaa ukamwita Mama Cherehani.

Mwaka 1984 kiwanda kilinunua lori jipya, ile pikapu ikasukumwa nyuma ya ghala hadi majani yakaota ndani ya sakafu yake. Marehemu aliiomba, akapewa, akaivuta hadi uani kwake kwa kamba. Mkewe alitoka jikoni, akaizunguka mara moja, akasema, "Umeniletea mke mwenza, tena hana hata magurudumu." Marehemu alipiga msasa, akakata bati lililooza, akaunga jipya, akatafuta vioo na breki kila alikokwenda likizo. Ilimchukua miaka minne. Pikapu hiyo ilipewa jina la Shangazi, kwa sababu kila mlima ililalamika lakini haikukosa kufika. Baadaye akaja Bwana Harusi, mwenye bampa za kung'aa, na Mkaidi, mwekundu, ambaye jina lake halihitaji maelezo.

Pikapu tatu za zamani uani huvuta watu. Kila Jumamosi walikuja wenye magari ya namna hiyo: mwuza vioo, daktari wa mifugo, na dereva mstaafu wa malori, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikuja na spana, wakaja na uongo mwingi kuhusu bei walizonunulia, na zaidi ya yote walikuja kusikiliziwa injini. Marehemu aliinamisha kichwa juu ya boneti, akafumba macho, akasema ni plagi ya tatu, au ni mafuta yamezidi. Watu walifunga safari kutoka miji mingine kuja kuletea gari "sikio la Mzee Subiri". Jambo hilo lilimfurahisha kuliko pensheni yake.

Hapa sasa ndipo penye lile jambo. Mama ameomba apewe kitambaa ajifunike uso. Amepewa.

Tarehe 20 Juni 2009 saa mbili asubuhi, misafara miwili ya harusi ilifika getini kwa wakati mmoja, kila mmoja umekuja kumchukua Bwana Harusi. Mwoka mikate alikuwa ameomba gari kwa ajili ya mwanawe, mwuza dawa kwa ajili ya bintiye, na wote wawili marehemu aliwajibu, "Sawa, hakuna shida." Wakati huo mwaka mzima kila aliyemwomba kitu alijibiwa sawa, hakuna shida, na sifa za ukarimu wake zilikuwa zimevuka mtaa. Ikabidi Shangazi atolewe ingawa alikuwa amepigwa praima ya kijivu tu, akisubiri rangi. Mama Cherehani alimfunika vitambaa vyeupe kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, mdomo umejaa pini. Binti wa mwuza dawa alimkataa Bwana Harusi alipoona kazi hiyo, akapanda Shangazi.

Misafara ilipoondoka, Mama Cherehani aliketi juu ya tairi la akiba, akamsubiri mumewe amgeukie.

"Baba watoto, tangu lini husikii?"

Marehemu alitazama spana iliyokuwa mkononi. "Tangu tulipomaliza breki za Shangazi mara ya pili."

"Hiyo ni miaka sita."

"Basi miaka sita."

Alikuwa akisoma midomo. Watu walisema hakuna msikilizaji kama Mzee Subiri, anakutazama usoni mpaka unamaliza. Hawakujua kwamba angetazama pembeni angekuwa amepotea. Injini alikuwa akizipapasa kwa kiganja, mara apate, mara akose. Aliogopa. Aliyezoea kuletewa magari ayasikilize, akijulikana hasikii, ataletewa nini tena? Alimwambia mkewe kwamba Jumatatu anaziuza zote tatu, kabla watu hawajamgundua.

Mama Cherehani alikuwa amelalamikia pikapu hizo miaka ishirini na mitano. Zilimlia ua wake, zilimlia kamba za kuanikia, zilimlia mashuka mawili mazuri. Nafasi ya kuondokana nazo ndiyo hiyo imekuja yenyewe, na mwenye mali anaitaka.

"Ukiziuza, Jumamosi utashinda wapi? Ndani kwangu? Sitaki," alisema. "Mimi nasikia. Nifundishe."

Hakuhitaji kufundishwa sana. Mtu aliyeishi na cherehani tangu usichana anajua mashine inapokwenda sawa na inapokwenda kombo. Injini yenye plagi mbovu, kwake, ilikuwa inaruka nyuzi. Iliyokosa mafuta, uzi umekaza. Alimweleza mumewe kwa lugha hiyo, mume akaitafsiri kwa spana. Kisha wakatunga ishara. Jumamosi alitoka na tepu yake shingoni kama kawaida. Akivuta ncha ya kulia, marehemu alifunga skrubu ya kabureta. Akivuta ya kushoto, alifungua. Akiziachia zote mbili, injini imetulia. Kichwa kilichoinama na macho yaliyofumba viliendelea kuwapo, ila jicho moja halikufumbwa vizuri.

Wenzake walidhani ni wivu. "Shemeji," dereva mstaafu alimwambia, "huyu mzee hawezi hata kupumua bila kusimamiwa?"

"Nimemzoea, shemeji," alijibu. "Nikimwacha kidogo anagawa gari."

Dereva mstaafu ameketi mstari wa pili. Anaombwa asikasirike, kwa maana sehemu inayofuata inamhusu. Mwaka 2014 alileta pikapu yake iliyowashinda mafundi wawili. Ilikuwa inanguruma na kudidimia, inanguruma na kudidimia. Marehemu aliinama. Mama Cherehani akasikia kitu ambacho hawakukiwekea ishara. Akavuta tepu kulia, akavuta kushoto, akaikunja, akaingia ndani. Marehemu alibaki ameinamia boneti peke yake mbele ya watu tisa, jasho linamtoka, anajifanya anatafakari. Mama akatoka ameshika pasi yake ya mvuke.

"Nani ameichezea pasi yangu?" aliuliza. "Nani? Inavujisha mvuke."

Watu wakaangua kicheko, wakasema mama naye. Marehemu hakucheka. Alipitisha kidole nyuma ya kabureta, akakuta mpira umepasuka, unavuta hewa. Wakaufunga, injini ikatulia. Dereva mstaafu aliwaambia wote kwamba sikio hilo lingefaa kuwekwa makumbusho, na mwenye sikio akarudi ndani na pasi yake kumalizia gauni la mteja.

Jioni hiyo marehemu hakula vizuri. Alisema anakwenda kuwaambia ukweli, amechoka kuvaa sifa zisizo zake. Mkewe alikata kauli: asithubutu. "Wakijua watahamia kwangu, na mimi nina nguo za watu." Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ni kwamba alimpenda, na hakutaka mtu yeyote amwonee huruma. Baadaye alimpeleka kupimwa, daktari akasema ni makelele ya kazi na haponi. Akapewa kifaa kilichomsaidia kusikia maneno ndani ya nyumba, lakini injini kilizigeuza kelele za mabati. Alikivaa akiwa na wajukuu, akakivua kila alipofika getini.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika na ugonjwa wa figo. Alitibiwa kwa bidii, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwani aliwaambia subiri hata wao. Mwezi wa mwisho kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha lililotazama maegesho. Mama Cherehani alikaa hapo kutwa, akimchorea kiganjani kila gari lililoingia: hii dizeli imechoka, hii mkanda unateleza. Ni katika siku hizo marehemu alipomwita binti yake mkubwa na kumwagiza aandike. "Nimebeba sifa za mama yenu miaka kumi na minne," alisema. "Nikizikwa nazo nitakuwa nimeiba."

Asubuhi ya tarehe 6 Februari 2024 gari moja lilisimama chini ya dirisha bila kuzimwa. Mkewe alimgongea kiganjani mwendo wake, polepole, bila kuruka.

"Hiyo imetulia," marehemu alisema.

Alilala, hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Basi wenzake wa Jumamosi, mmesikia. Injini zenu zote kuanzia katikati ya mwaka 2009 zilisikilizwa na Mama Cherehani. Aliyekuwa anawapa majibu alikuwa anayapokea kutoka kwenye ncha za tepu, na ameomba mmsamehe yeye, mmshukuru huyu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada wawili na kaka mmoja, wakwe, wapwa, rafiki mmoja wa kufa na kuzikana aliyeko mstari wa pili, na pikapu tatu zinazotembea.

Wasifu huu ulipelekwa kwa mjane kabla ya kuchapishwa. Aliusoma wote kwa miwani, kisha akasema kama lazima usomwe, basi na yeye ana lake la kuongeza, na liandikwe kama alivyolisema:

"Andika kwamba miaka kumi na minne nilivuta tepu kulia, akageuza kulia. Nilivuta kushoto, akageuza kushoto. Hakunibishia hata siku moja, wala hakuuliza mara ya pili. Waulize wanawake waliokaa hapo ni nani mwingine aliyewahi kusikilizwa na mume namna hiyo."

Alale kwa amani mzee wetu, na wale wa Jumamosi wafike saa tatu, mama atakuwa uani.