Melkiory Byabato na Bampa la Gari la Zahanati

Ndugu na majirani mliofika Kibingo leo, Alhamisi tarehe 13 Novemba 1958, pokeeni kwa ufupi maisha ya ndugu yetu Melkiory Byabato, tunayemzika kando ya mkewe.

Marehemu alizaliwa Kaisho tarehe 6 Januari 1919, mtoto wa kwanza wa mzee Rwegoshora, mhunzi wa majembe, na mama Pulkeria. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1938 alikwenda Bukoba kujifunza ufundi wa magari. Alirudi na spana sita, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kabla ya kunawa mikono.

Tarehe 12 Agosti 1944 alifunga ndoa na Kokwijuka. Walijaliwa binti mmoja, Adelgunda.

Mwaka 1953 alikabidhiwa Landrova ya zahanati ya Nyakasimbi, aiendeshe na kuitunza. Ilikuwa na bampa la chuma lenye ncha kali, na juu yake winchi ya kuzungusha kwa mkono, ya kujivutia kutoka kwenye tope. Mwaka 1955 ncha moja ilimvunja mguu ng'ombe wa mzee Muhangi, mfugaji wa hapa Kibingo.

“We Melkiory,” mzee alimwambia mbele ya watu, “gari lako lina pembe kama fahali wangu. Ila fahali wangu hupisha.”

“Shikamoo, mzee. Nitaziondoa.”

Aliziondoa kweli. Mahali pa bampa aliweka boriti ya mti wa msambya, akaichonga ikawa laini kama mpini wa jembe, akaifungia winchi kwa bolti nne. Bolti hizo zilishika mti tu, hazikufika kwenye fremu ya gari. Wafugaji walimshukuru sana.

Tarehe 17 Aprili 1956 Kokwijuka alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Marehemu alimpakia kumpeleka zahanati. Katika bonde lililo chini ya Kibingo gari lilizama hadi ekseli. Alifunga waya kwenye mti wa ng'ambo, akaanza kuzungusha winchi.

“Baba Adelgunda,” mkewe alimwita, “acha hicho chuma, uje unishike mimi.”

“Bado kidogo, mama. Bado kidogo tu.”

Boriti ilipasuka katikati, winchi ikarukia kwenye maji. Vijana wa mzee Muhangi walimbeba mgonjwa kwa engozi, machela yetu ya miti. Alifariki njiani pamoja na mtoto, kabla zahanati haijaonekana.

Tangu siku hiyo marehemu hakusema tena neno “kidogo”. Alitengeneza bampa jipya la chuma nene, kitako cha winchi akakifunga kwenye fremu yenyewe kwa bolti nane. Ncha alizikunja nyuma na kuzivika ngozi ya ng'ombe, aliyopewa na mzee Muhangi. Lakini yeye mwenyewe hakupita tena bonde lile. Alizunguka maili kumi na moja.

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu. Akiwa hospitalini Bukoba, kila aliyekwenda kumtazama aliulizwa kabla ya salamu: “Lile bampa limejaribiwa bondeni?” Tulimjibu hapana, kwa kuwa ndiyo kweli. Alifariki Jumanne, tarehe 11, saa tatu asubuhi, bila kupata jibu jingine.

Jana mchana Landrova ile ile ilimleta. Mvua ilikuwa imekata njia ya kuzunguka, ikabidi tupite bondeni, na jeneza likiwa ndani gari lilizama pale pale. Waya ulifungwa kwenye mti ule ule. Mzee Muhangi alishika mpini wa winchi mwenyewe, akakataa kupokewa, akazungusha huku akilia kwa sauti, hadi magurudumu yote manne yalipokanyaga majani.

Marehemu ameacha mama yake, Pulkeria, binti yake, Adelgunda, na mdogo wake, Egbert, aliyeandika maneno haya.

Melkiory, limejaribiwa. Bolti zote nane zimeshika. Pumzika sasa, kaka.